Istilahi za Tangi la Ardhini: Kuvuja, Kumwagika na Kufurika

Mfasiri akabidhiwapo mwongozo wa matangi ya mafuta huona kwanza kwamba kazi ni nyepesi, kwa kuwa tangi, bomba, kutu na petroli ni maneno ya kila siku. Miaka michache iliyopita niliombwa kuhakiki rasimu ya tafsiri ya namna hiyo. Humo neno moja tu, kuvuja, lilikuwa limebebeshwa mambo matatu ambayo matini ya asili iliyapambanua kwa makini. Msimamizi wa kituo ambaye angeifuata rasimu ile angesikia kengele ya tangi lililojaa kupita kiasi, naye angekwenda kutafuta tundu la kutu.

Istilahi nyingi za fani hii zimetokana na kanuni za Marekani. Mwaka 1984 Bunge la nchi hiyo liliamuru matangi ya ardhini yawekewe kanuni, na mwaka 1988 mamlaka ya kuhifadhi mazingira ikazitoa. Wenye matangi ya zamani walipewa hadi tarehe 22 Desemba 1998 wachague moja kati ya mambo matatu: kuweka tangi jipya, kuliimarisha lililopo, au kulifunga kabisa. Tangi la ardhini, kwa mujibu wa kanuni hizo, ni lile ambalo angalau asilimia 10 ya ujazo wake, pamoja na ujazo wa mabomba yake yaliyofukiwa, iko chini ya ardhi. Kwa sababu hiyo siungi mkono kuliita tangi lililozikwa. Sehemu yake kubwa yaweza kuonekana juu, na bado kanuni zikalihusu.

Nimeandika kuliimarisha kwa kusudi. Rasimu ilikuwa na kukarabati katika ukurasa mmoja na kuboresha katika mwingine. Kukarabati ni kukirudisha katika hali yake kitu kilichoharibika, na kanuni zina kifungu chake mbali kuhusu jambo hilo. Kuboresha nako ni kupana mno, maana mtu akipaka pampu rangi mpya aweza kusema kwamba amekiboresha kituo. Kinachotakiwa hapa ni kuliongezea tangi zima, ambalo halijatoboka, kinga ambayo halikuwa nayo tangu mwanzo. Kuimarisha kwafaa zaidi.

Sasa tuyarudie maneno matatu. Kuvuja ni mafuta kupenya polepole katika tundu au kiungo kilicholegea, aghalabu pasipo mtu kujua. Kumwagika hutokea juu, pale mpira wa lori unapochomolewa na mafuta yaliyosalia ndani yake yakaanguka. Kufurika ni kujazwa kupita kiasi. Kila moja lina dawa yake. Kwa kumwagika huwekwa chombo kuizunguka shingo ya kujazia, nacho nakiita beseni la kukingia, kama vile tukingavyo maji ya mvua. Kwa kufurika huwekwa kifaa kinachofunga mtiririko kabla tangi halijapita asilimia 95 ya ujazo wake, au kinachompa ishara mjazaji lifikapo asilimia 90. Tahadhari moja: kukinga maji na kukinga dhidi ya kutu vina kitenzi kimoja, basi neno kinga lisiandikwe peke yake katika mwongozo huu.

Kuhusu kutu yenyewe, hapana budi mfasiri aelewe kinachotendeka, ama sivyo ataandika maneno matupu. Feleji ikiwa katika udongo wenye unyevu, sehemu moja ya tangi huwa anodi na nyingine kathodi, mithili ya betri. Chuma huliwa penye anodi, mara nyingi katika kijishimo kidogo tu, hata tangi likatoboka ilhali sehemu nyingine ni nzima. Jina la jumla ni ulikaji. Kutu ni zao la ulikaji wa chuma peke yake, na haifai kutajwa kwa shaba au zinki.

Kinga ya kathodi ni kulifanya tangi zima kuwa kathodi. Njia ya kwanza ni kuliunganisha na kipande cha magnesi au zinki, ambacho huliwa badala yake. Humphry Davy wa Uingereza aliijaribu njia hii mwaka 1824 ili kuyalinda mabati ya shaba ya merikebu. Wengine hukiita kipande hicho anodi ya sadaka. Mimi napendelea anodi ya kafara, kwani sadaka hutolewa kwa ajili ya thawabu, bali kafara hutolewa ili kuondoa balaa, na ndiyo kazi ya kipande kile. Njia ya pili hutumia mkondo mnyofu wa umeme kutoka katika rektifaya, ambayo yapasa kukaguliwa kila baada ya siku 60. Anodi za kafara zenyewe hupimwa kila miaka 3.

Pamoja na hiyo iko njia ya kulipaka tangi kwa ndani tabaka nene la resini. Mafundi cherehani walikwisha kutupa neno: bitana. Bitana peke yake, bila kinga ya kathodi, ilipaswa kukaguliwa ndani ya miaka 10, kisha kila miaka 5. Na kinga yo yote ya kathodi haizibi tundu lililokwisha kutoboka.

Limebaki neno moja dogo lenye hatari kubwa. Petroli ina benzini, kemikali iletayo saratani, na Marekani hairuhusu izidi sehemu 5 katika kila sehemu bilioni moja ya maji ya kunywa. Wajerumani na Waarabu hulitumia jina linalokaribiana na hilo kwa petroli yenyewe, na huenda hapo ndipo mfasiri wetu alipoteleza. Aliandika petroli katika jedwali zima la vipimo vya maji ya visima, nalo likalazimika kuandikwa upya.