Mtoto anaogopa kuzamisha uso majini? Anza na pumzi

Likizo inapoanza, safari za ufukweni na kwenye mabwawa ya kuogelea huongezeka. Karibu kila familia huwa na mtoto mmoja anayebaki ukingoni. Wenzake wanarushiana maji, yeye ameng'ang'ania ngazi. Akikubali kuingia, anatembea polepole kwenye kina kifupi huku ameinua kidevu, tone lisimguse usoni.

Mara nyingi dawa anayopewa ni moja: mjomba au kaka anamnyanyua na kumtupa ndani, eti atazoea. Wapo waliozoea. Wapo pia waliokua, wakapata watoto wao, na hadi leo hawaingii majini zaidi ya magotini.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa kutapatapa humaliza nguvu na pumzi zinazohitajika ili kuelea. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo kumfundisha mtoto utulivu majini si anasa ya wenye mabwawa. Familia zinazoishi kando ya bahari, ziwa, mto au lambo zinauhitaji zaidi.

Hofu inatoka wapi?

Uso ukiingia majini, mtu hubana pumzi. Baada ya muda kifua huanza kudai hewa, na wengi hudhani oksijeni imekwisha. Sivyo. Kinachogonga kengele hiyo ni hewa chafu, yaani kaboni dioksidi, inayojikusanya kwenye damu. Kwa mtu aliyezama sekunde chache tu, oksijeni bado ipo.

Mtoto akishtuka, moyo hukimbia na misuli hukakamaa. Kaboni dioksidi hutengenezwa kwa kasi zaidi na kifua hubana zaidi, hivyo hofu huzaa hofu. Aliyetulia hutumia hewa kidogo. Mwili nao humsaidia: pumzi ikibanwa na maji yakagusa uso, hasa yakiwa ya baridi, mapigo ya moyo hupungua. Mapafu yaliyojaa hewa nayo humwelesha mtu kama boya.

Hatua kwa hatua

Somo la kwanza halihitaji bwawa. Weka beseni la maji ya uvuguvugu mezani. Mtoto apulize mapovu kwa mdomo, kama anayepoza chai. Akizoea, afunge mdomo na kuguna "mmm" huku pua ikiwa ndani ya maji. Anapoguna, hewa hutoka puani, na maji hayapati nafasi ya kuingia. Kisha azamishe uso mzima kwa hesabu ya tatu, halafu tano. Hata mzazi asiyejua kuogelea anaweza kufundisha hatua hii.

Bwawani, simama na mtoto mahali ambapo maji yanamfika kifuani, umshike mikono yote miwili. Rudieni mapovu. Akiwa tayari, zameni pamoja mkiangaliana, naye ahesabu vidole unavyomwonyesha. Macho yakipata kazi, akili husahau hofu. Miwani ya kuogelea husaidia, lakini siku nyingine ajaribu bila miwani, kwani hakuna anayeteleza mtoni akiwa ameivaa.

Inafuata kuelea chali. Mkono wako uwe chini ya mgongo wake, masikio yake yawe ndani ya maji, macho yatazame juu, naye apumue taratibu. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili mzima. Picha za masomo hayo zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Miongoni mwake imo ya mwalimu akimsaidia msichana kuelea chali. Wasichana hao wamekulia kando ya bahari, lakini nao walihitaji mkono wa kuwashika kwanza.

Mwisho kabisa ndiyo kuokota sarafu chini ya maji mafupi: avute hewa ya kawaida, ashuke akitoa mapovu, aokote, apande.

Katika hatua zote, mtoto ndiye mwenye kusema "sasa". Akikwama kwenye hatua moja kwa wiki nzima, mwache hapo. Na usimchekee akikohoa.

Mipaka ya kuzingatia

Utulivu si kushindana kubana pumzi. Mashindano hayo yakatazwe, hata kwa vijana wanaoogelea vizuri. Hatari zaidi ni kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama. Kufanya hivyo hupunguza kaboni dioksidi, kengele ya mwili huchelewa, oksijeni huisha, na mtu huzimia chini ya maji bila dalili. Kifua kikidai hewa, mtoto atoke mara moja.

Aidha, usisubiri kelele. Anayezama mara nyingi hapigi yowe, kwa sababu mdomo wake unatafuta hewa. Mtoto mdogo awe mahali ambapo mkono wako unamfikia, na simu ikae mfukoni. Beseni la mazoezi limwagwe mara tu mnapomaliza, kwani mtoto mchanga anaweza kufa kwenye maji machache tu. Mtoto mwenye kifafa au pumu aonwe na daktari kabla ya kuanza.

Ukimwona mtu anazama, usimrukie kama hujafunzwa kuokoa. Ita msaada, mrushie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko.

Mtoto aliyejua kutoa mapovu na kuelea chali bado si mwogeleaji, na bado anahitaji jicho la mkubwa. Lakini siku mguu ukiteleza, ana jambo la kufanya badala ya kutapatapa: kugeuka chali, kuvuta hewa, na kuita.