Mmoja Aweza Kudai kwa Niaba ya Wengi?

Haki za msingi za wakulima wa eneo kama Ruiri zikivunjwa, ibara ya 22 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humruhusu mmoja kwenda mahakamani kwa niaba ya wote. Uingereza, kwa kawaida, kila mdai hujiandikisha mwenyewe. Mwaka 2013 serikali ya nchi hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa Wakenya 5,228 walioteswa enzi za Mau Mau. Kesi iliyofuata, ya watu zaidi ya 40,000, ilitupwa 2018, hasa kwa kupitwa na wakati.

Marekani, katika kesi nyingi za kundi za kudai fidia, aliyedhurika huhesabiwa mdai mpaka ajitoe. Wapinzani husema mfumo huo hutajirisha mawakili. Ni kweli, ila huko jaji hukagua ada. Kwa utaratibu wa Uingereza, mzee asiyejiandikisha hana wa kumkagulia chochote. Bunge letu liige Marekani katika kesi za fidia.