Daftari Lile Chini ya Kitanda

Mama mpendwa, ukitajiwa vitu vya kale vya Katavi, huenda wazo lako linakimbilia Karema, kwenye misheni iliyoanzwa na Mapadre Weupe mwaka 1885 kando ya Ziwa Tanganyika. Je, umewahi kutazama chini ya kitanda cha mama mkwe wako?

Kama alikuwa mwana-Lejio, huenda ametunza kitabu cha mwongozo, kikaratasi cha sala kiitwacho tesera, na pengine daftari la mikutano. Vitu hivyo vina asili ya mbali. Lejio ya Maria ilianzia Dublin, Ayalandi, tarehe 7 Septemba 1921. Mwaka 1936 mwanamke wa Kiayalandi, Edel Quinn, alitumwa kuieneza Afrika Mashariki. Alikuwa amekwisha kuugua kifua kikuu, lakini alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko hadi alipofariki Nairobi mwaka 1944, akiwa na miaka 36.

Kwa kanuni ya Lejio, katibu huandika kumbukumbu za kila mkutano, nazo husomwa mkutano unaofuata na kutiwa sahihi. Kwa hiyo daftari hilo ni historia ya akina mama wenyewe, kwa mwandiko wao: nani alitumwa kwa wagonjwa, nani alifundisha sala. Mara ngapi mambo hayo huandikwa kwingine?

Huko Dublin, Chuo cha Trinity kinatunza Kitabu cha Kells, Injili nne zilizoandikwa kwa mkono yapata mwaka 800. Kimefika leo kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu aliyekataa kukitupa. Kwetu daftari la bibi huishia kufungia maandazi au kuwashia moto.

Basi, mama, fanya hivi. Liweke ndani ya sanduku la bati, mahali pakavu, juu ya sakafu, mbali na mchwa. Usibandike selotepu palipochanika, maana gundi yake huharibu karatasi. Piga picha kila ukurasa kwa simu. Lakini usilioneshe ovyo. Mengine ni siri za nyumba za watu.

Kisha keti na mama mkwe, umwulize majina yale ni ya nani. Daftari laweza kungoja mwaka mwingine. Yeye je?