Kupima Mkono wa Mrushaji

Tarehe 9 Juni 2009 timu ya besiboli ya kulipwa ya mji wa Washington, nchini Marekani, ilimchagua Stephen Strasburg, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego. Miezi miwili baadaye kijana huyo alitia sahihi mkataba wa miaka minne wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 15, ilhali alikuwa hajacheza hata mchezo mmoja wa kulipwa. Mwaka 2006, alipomaliza shule ya sekondari, hakuna timu iliyomchagua. Ni kitu gani basi kilichopimwa katika miaka hiyo mitatu, na je, kilichopimwa ndicho kilichonunuliwa?

Besiboli, kama kriketi, ni shindano baina ya mrushaji wa mpira na mpigaji mwenye gongo. Mrushaji husimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji, lakini kwa kuwa hupiga hatua ndefu mbele, mpira humtoka mkononi ukiwa umebakiwa na mita 16.7 hivi. Mpira wa Strasburg ulifikia mara kwa mara kasi ya kilomita 161 kwa saa, yaani mita 44.7 kwa sekunde. Hewa huupunguzia mwendo njiani. Wastani ukikadiriwa kuwa mita 42.5 kwa sekunde, mpira humfikia mpigaji kwa sekunde 0.39. Mpira wa kilomita 145 kwa saa huchukua sekunde 0.43 au zaidi kidogo. Tofauti hiyo yaonekana kuwa si kitu, lakini katika muda huo huo mpigaji hana budi auone mpira, aamue, kisha azungushe gongo. Muda wa kuamua ndio unaoliwa.

Chombo kikuu cha mtafuta vipaji ni bunduki ya rada, ambayo Danny Litwhiler, kocha wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, aliiingiza katika mchezo huu katikati ya miaka ya 1970. Rada hutoa mawimbi. Yakigonga mpira unaokuja, hurudi yakiwa yamesongamana zaidi, kama vile honi ya gari linalokaribia inavyosikika nyembamba kuliko ya gari linaloondoka. Chukua mara mbili ya kasi ya mpira, gawanya kwa kasi ya mwanga, kisha zidisha kwa idadi ya mawimbi kwa sekunde. Kwa rada ya mawimbi bilioni 24 kwa sekunde, mpira wa Strasburg huleta ongezeko la mawimbi 7,150 hivi kwa sekunde, ambalo chombo hulihesabu bila taabu. Lakini rada hupima sehemu ile tu ya kasi inayoielekea. Mtu aliyeketi kando, nyuzi 20 kutoka mstari wa mpira, atasoma kilomita 151 badala ya 161, kwani kosaini ya nyuzi 20 ni 0.94. Ndiyo maana watafuta vipaji hubanana nyuma ya mpigaji, na kocha aliyesoma rada yake akiwa pembeni huweza kumdhulumu kijana bila ya kujua.

Mzunguko wa mpira nao hupimwa. Mpira wa kasi hutoka ukizunguka kinyumenyume mara 2,300 hivi kwa dakika. Katika sekunde 0.39 uvutano wa dunia ungeushusha sentimita 75, lakini mzunguko huo huisukuma hewa chini, na hewa nayo huusukuma mpira juu, ukaokoa takriban sentimita 40. Mpigaji huapa kwamba mpira umepanda. Haukupanda, umeshuka kidogo kuliko macho yake yalivyozoea.

Vipimo hivi, pamoja na shabaha na aina nyingine za mirusho, hupewa alama kati ya 20 na 80. Alama 50 ni wastani wa ligi kuu, na kila alama 10 juu yake hukusudiwa kuwa mchepuko wastani mmoja, yaani kizio kimoja cha mtawanyiko. Kwa mtawanyiko wa kawaida, anayefikia 80 ni mtu mmoja hivi katika 700. Mwaka 2009 Strasburg aliwatoa chuoni wapigaji 195 katika vipindi 109, ingawa takwimu za chuo zataka tahadhari, kwa kuwa wengi wa wapigaji wale hawangefika ligi kuu kamwe.

Katika orodha yote hiyo hakuna alama ya kiwiko. Mrushaji anapofyatua mkono, bega lake huzunguka kwa kasi ya nyuzi 7,000 hivi kwa sekunde, na upande wa ndani wa kiwiko huvutwa kwa momenti ya takriban niutoni-mita 64. Ni sawa na kulaza mkono ubavu, kiwiko kikiwa kimeshikwa imara, kisha kuning'iniza mzigo wa kilo 22, yaani debe la maji na zaidi, sentimita 30 kutoka kiwikoni. Upande huo unazuiwa na ligamenti, utepe mfupi unaounga mfupa na mfupa. Katika majaribio ya maabara kwa viwiko vya maiti, utepe huo ulikatika kwenye niutoni-mita 32 hadi 35. Misuli ya mkono hubeba sehemu iliyobaki. Ikichoka, utepe hubaki peke yake. Tena, misuli huongezeka nguvu kwa mazoezi upesi kuliko ligamenti.

Strasburg alianza ligi kuu tarehe 8 Juni 2010 kwa kuwatoa wapigaji 14. Tarehe 21 Agosti alishika mkono kwa maumivu, na tarehe 3 Septemba alipasuliwa. Upasuaji huo ulibuniwa na daktari Frank Jobe, aliyemfanyia mrushaji Tommy John mwaka 1974: kano huchukuliwa kwingine mwilini, hupitishwa katika matundu yaliyotobolewa mifupani, na kuwa ligamenti mpya. John alirudi uwanjani mwaka 1976, akacheza hadi 1989.

Siku hizi picha za sumaku huonyesha ligamenti iliyokwisha kuchanika. Hazisemi iliyo nzima itachanika lini. Desemba 2024 ligi kuu ya Marekani ilitoa ripoti iliyohusisha ongezeko la majeraha ya warushaji na jitihada za kuongeza kasi na kurusha kwa nguvu zote, yaani mambo yale yale yanayompatia kijana alama 80.

Strasburg mwenyewe alipona, na mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa fainali za ubingwa. Timu yake ikampa mkataba mpya wa miaka saba, dola milioni 245. Safari hii hakikuwa kiwiko, bali mishipa iliyobanwa kati ya shingo na bega. Chini ya mkataba huo alianza michezo minane tu, na mwaka 2024 akastaafu.