Pilipili Iliyofunua Siri ya Kiseyeye

Zamani mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye: fizi zilioza, meno yakang'oka. Malimau yaliwaponya, ila sababu haikujulikana. Mwaka 1928, huko Cambridge, Albert Szent-Györgyi, mtaalamu wa kemia ya viumbe kutoka Hangaria, alitangaza asidi ngeni aliyoitenga katika tezi za ng'ombe zilizo juu ya figo. Lakini ilikuwa haba mno. Mwaka 1932, katika mji wa Szeged kwao, majaribio yalithibitisha kwamba ndiyo vitamini C, ikingayo kiseyeye. Kisha akaipata kwa wingi katika pilipili nyekundu, akampelekea Haworth wa Birmingham, naye akafumbua muundo wake. Mwaka 1937 kila mmoja alipata tuzo ya Nobel. Basi tule matunda na mboga mbichi, kwani kuchemsha sana huipoteza vitamini hiyo.