Staringi aliyeuawa gazetini

Mtaani tunasema staringi hafi. Sisi tuliokuwa tukibanana kwenye mabenchi ya vibanda umiza vya kuonyeshea sinema tulijua kabisa: jengo liungue, gari litumbukie korongoni, mwisho atatokea tu, shati limechanika. Sasa staringi wa kwanza wa sinema ya Marekani aliuawa kwanza, ndipo akawa staringi.

Florence Lawrence alizaliwa Kanada mwaka 1886. Mwaka 1908 alianza kuigiza New York katika kampuni ya Biograph, chini ya mwongozaji D. W. Griffith, kwenye filamu fupi zisizo na sauti. Majina ya waigizaji hayakutajwa popote. Wenye kampuni walijua hesabu zao: mtu akishajulikana jina, kesho atadai nyongeza. Watazamaji wakamtambua kwa sura, wakamwita Msichana wa Biograph.

Carl Laemmle, mfanyabiashara mzaliwa wa Ujerumani, akamvuta kwenye kampuni yake, IMP. Mapema mwaka 1910 ukavuma uvumi kwamba Florence amegongwa na tramu, amekufa. Machi, Laemmle akalipia tangazo katika gazeti la wenye sinema: ni uongo wa mahasidi, Florence yu hai, na filamu yake mpya inakuja! Wanahistoria wengi wanaamini uvumi wenyewe aliupika yeye. Kisha akampeleka St. Louis ili watu wamwone marehemu kwa macho yao. Inasimuliwa kwamba umati ulimvamia hadi ukamng'oa vifungo vya koti.

Hofu ile ya wenye kampuni, kwamba anayejulikana atadai nyongeza, ilikuwa na msingi. Kufikia 1916 mwigizaji Charlie Chaplin alikuwa akilipwa dola 10,000 kwa wiki.

Florence hakuzionja hela hizo. Alikuwa mpenzi wa magari, na mwaka 1914 alibuni kibao kilichojiinua nyuma ya gari dereva akikanyaga breki, kikisema simama. Hakukisajili, kwa hiyo hakupata hata senti. Miaka hiyohiyo moto ulizuka wakati wa kupiga filamu, akaumia vibaya. Miaka ya 1930 alikuwa Hollywood akipewa vijisehemu vya kupita tu nyuma ya wengine.

Desemba 1938, akiwa mgonjwa, alijitoa uhai. Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 1991, mwigizaji Roddy McDowall alipolilipia. Kwenye jiwe hilo limeandikwa pia lile jina la zamani: Msichana wa Biograph.