Klachi ya Pikapu na Elimu ya Mikono

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii twaiandika ubaoni, twaieleza kwa ufasaha, kisha twaifuta ili somo jingine lianze. Nimeitafakari sana tangu klachi ya pikapu yangu ilipobadilishwa nyumbani kwangu, hapa Homa Bay.

Dalili zake zilikuwa zile zijulikanazo na kila dereva. Katika kupanda kuelekea Rongo, injini ilinguruma lakini mwendo haukuongezeka, na harufu ya kuungua ikajaa ndani ya gari. Klachi, ndugu msomaji, ni sahani inayobanwa kati ya flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, na bamba lenye springi. Ikibanwa, nguvu za injini hufika kwenye giaboksi. Dereva akikanyaga pedali, sahani huachiliwa na nguvu hukatika. Sahani ikilika, mbano hulegea, nayo injini huzunguka bure.

Kazi niliwapa vijana wawili wa jua kali. Walifungua waya za betri, wakaitoa propela shafti, wakalegeza boliti za giaboksi na kuishusha polepole. Ili sahani mpya ikae katikati barabara, waliipitishia kipande cha shafti ya giaboksi kuukuu. Boliti wakazikaza kidogo kidogo kwa kukingamisha, bamba lisije likapinda. Walichunguza pia kama injini inavuja, kwa kuwa mafuta yakiifikia sahani mpya, nayo itateleza. Nilipouliza kwa nini wanabadilisha hata beringi ambayo bado inazunguka, nilijibiwa, "Mwalimu, beringi ni bei ndogo. Kuishusha giaboksi mara ya pili ndiyo gharama." Hapo palikuwa na fizikia, jiometri na uchumi, bila chaki.

Hata hivyo, kabla ya hayo yote yaliyonipendeza, palikuwa na la kutisha. Kijana mmoja alikuwa tayari kulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Baadaye, klachi ilipofunguliwa, mwenzake aliinama kupuliza vumbi lake kwa kinywa. Mara zote mbili niliwazuia. Jeki huweza kuteleza ghafla, na uzito wote ukamwangukia mtu. Nazo sahani nyingi za zamani zilitiwa asbesto, ambayo nyuzi zake zikiingia mapafuni huleta maradhi yasiyopona, yanayojitokeza miaka mingi baadaye. Gari tuliliegemeza juu ya vigogo imara, na vumbi tukalipangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. "Hakuna aliyewahi kutuambia, mwalimu," kijana akasema.

Maneno hayo yananikera hadi leo. Vijana hawa wanajua kazi, lakini hakuna aliyewapa sababu zinazolinda uhai wao. Wanafunzi wetu nao hueleza msuguano kwa kurasa mbili, lakini hawajapata kuishika sahani ya klachi. Kila upande una nusu ya elimu.

Jambo hili si geni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulikusudia kumpa mtoto stadi za mikono, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala zana. Leo, katika shule za sekondari ya chini zilizoanza mwaka 2023, somo la ufundi wa awali ni la lazima. Hofu yangu ni kwamba nalo litaishia kunakiliwa daftarini.

Walimu wenzangu, dawa haihitaji kusubiri karakana ya mamilioni. Karibu kila mji wetu una gereji. Mwalikeni fundi aifungue klachi kuukuu mbele ya darasa, nanyi mwelezeni kwa heshima habari za vumbi, jeki na macho yasiyokingwa. Mjulisheni pia kwamba anaweza kutahiniwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, akapata cheti cha gredi kwa ujuzi alio nao.

Nanyi wanafunzi, msimdharau mwenye ovaroli chafu. Mwulizeni anafanyaje, kisha mwulizane naye kwa nini. Asiyejua jibu la swali la kwanza hana kazi; asiyejua la pili huenda kazi hiyo ikamwua.